Meno ya Bima na Vidole vya Mzee Hemedi

Lushoto,
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukusemesha bila neno hilo. Hukunilea hivyo.

Mama hajambo. Amekataa kuja kukaa nami huku Lushoto, anasema baridi ya huku inaingia mifupani, kana kwamba huko kwenu hakuna baridi. Sikumlazimisha. Siku hizi anapika makande magumu, anavyoyapenda yeye, si yale ya kuchemshwa mpaka yawe uji aliyokupikia wewe miaka yote. Nilimkuta anayatafuna peke yake jikoni. Akaniambia, "Raheli, nilikuwa nimesahau utamu wake." Kisha akaweka sahani chini, akatoka nje kuangalia mbuzi ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mvua zimenyesha vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa. Kiwandani wameleta meneja mwingine, huyu ni wa kwetu, ametoka Dar es Salaam, na nasikia anavaa koti la mvua hata jua likiwaka. Tarumbeta lako liko kwa mwalimu wa kwaya. Nimemwomba alipake mafuta, amesema anajua kazi yake.

Ninakuandikia kwa sababu ya jambo nililolisikia kwenye matanga yako. Watu walikuwa wengi, wa kanisani na wa msikitini, na kama ujuavyo, watu wakikaa sana wakanywa chai, marehemu anageuka kuwa hadithi. Wakafika kwenye meno yako. Mmoja akasema Mzungu wa shamba alikupa zawadi kwa utumishi mwema. Mwingine akasema uliuza ng'ombe. Bibi mmoja wa bonde la pili akaapa kwamba yalikuwa meno ya maiti wa Tanga, ndiyo maana ulikuwa hucheki kwa sauti. Mimi nilikuwa nagawa vikombe. Mfiwa hasahihishi wageni. Lakini tangu siku ile habari imenikaa kooni, nami nataka kuisimulia kwa mtu anayeijua, nione kama mimi mwenyewe naijua sawasawa. Anayeijua ni wewe. Na Mzee Hemedi, lakini yeye hapendi kuulizwa.

Ilianza na ile kadi ya bima. Kabla ya Uhuru, bima ya matibabu pale kwenye shamba la chai ilikuwa ya Wazungu na makarani wao wakubwa. Uhuru ulipofika, kampuni iliona aibu, au iliogopa, sijui, ikawaingiza na wakuu wa sehemu ambao ni Waafrika. Wewe ulikuwa mkuu wa mitambo kiwandani. Ukaletewa kadi ngumu ya rangi ya maziwa yenye jina lako, na mshahara wako ukaanza kukatwa kabla hujauona. Mama hakuipenda.

"Tunalipia ugonjwa ambao hatujaupata," alisema.

"Ndiyo maana ya bima," ukamjibu.

"Mimi naona kama kuuita."

Ulicheka sana. Wakati huo ulikuwa bado una meno yako.

Ugonjwa ulipokuja haukuwa wa kulala kitandani. Fizi zilianza kutoa damu, kisha meno ya mbele ya juu yakalegea moja baada ya jingine. Uliyatunza kama mayai. Ulitafuna kwa pembeni, ukaacha miwa, ukaacha mahindi ya kuchoma. Mwishowe mganga wa zahanati ya shamba akayang'oa yote ya mbele, akakupa maji ya chumvi. Ulirudi nyumbani mkono ukiwa mdomoni, na mkono ule ukawa kama sehemu ya uso wako.

Sisi tulidhani unaona haya. Kumbe haya ilikuwa kidogo tu, shida kubwa ilikuwa tarumbeta. Ulikuwa umelipiga kanisani tangu ujana wako, hakukuwa na Krismasi wala harusi wala maziko bila sauti yako juu ya sauti za wenzako. Nakumbuka ulivyotueleza mezani, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza mashine: "Midomo inaegemea meno. Meno yakiondoka, midomo inaegemea hewa." Jumamosi ile ulikwenda nyuma ya zizi ukajaribu. Ilitoka sauti kama ya ndama. Mama na mimi tulikuwa tunachambua maharage, hakuna aliyeinua kichwa. Uliingia ndani, ukalifunga tarumbeta kwa shuka, ukalisukuma chini ya kitanda.

Ndipo ukakumbuka kadi.

Nilikuwa nasomea ualimu, nikawa nimekuja likizo. Ukanichukua twende Tanga kwa kuwa karatasi za bima zilikuwa za Kiingereza. Tuliteremka na lori la chai mpaka Muheza, tukala machungwa pale sokoni, yaani mimi nilikula, wewe ulifyonza, kisha tukapanda basi. Ofisi ya bima ilikuwa na feni darini na bwana mmoja mwenye tai, mtu mzima kiasi, mpole. Nataka niseme hilo. Alikuwa mpole.

Alisoma karatasi zako, akasema, "Mzee, bima inalipia matibabu. Meno ya bandia si matibabu, ni badala."

"Badala ya nini?"

"Ya meno."

"Basi si ndiyo ninachokitaka?"

Alitabasamu. Akaeleza kwamba meno ya bandia huhesabiwa kama urembo, isipokuwa kwa mtu ambaye kazi yake haiwezekani bila meno. Akatoa mfano wa mtangazaji wa redio. Akauliza kazi yako. Ulipomwambia mitambo, akasema mitambo haitafunwi. Hata wewe ulicheka, mkono mdomoni. Ukamweleza habari ya tarumbeta, kwa urefu, na aliisikiliza yote, kisha akasema bima hailipii nyimbo za kanisani.

Halafu akakuuliza swali la haki kabisa. "Hapo kazini, mzee, kuna chochote unachokifanya kwa mdomo?"

Uliangalia feni. Ukasema, "Hakuna."

Nilidhani umechoka. Njiani kurudi ulilala, au ulijifanya umelala, mpaka Muheza.

Baba, kama ningekuwa mtu wa kiwandani ningejua papo hapo. Sikuwa. Habari ya filimbi niliisikia baadaye, na nitaiandika kama nilivyoisikia, unisahihishe kama naweza kusahihishwa na mtu aliye ulipo.

Jukwaa lako pale kiwandani lilikuwa juu, karibu na dari. Chini yako walikuwapo watu wa mashine za kusaga majani, na mmoja wao alikuwa Hemedi, rafiki yako tangu mkiwa vibarua wa kuchuma. Mashine zote zilizungushwa na mikanda inayotoka juu. Majani yakikwama, mashine ilisimamishwa, wa chini wakaingiza mikono kuyatoa, na wewe juu ukangoja. Kabla ya kurudisha mkanda ilibidi upige filimbi kwa nguvu, ili kila mtu aondoe mikono. Na kwa kuwa wenzo, ile nondo ya kurudishia mkanda, ulikuwa mzito, wa kuvutwa kwa mikono miwili, filimbi uliishika kwa meno.

Kwa meno, Baba. Ya mbele.

Tangu yang'olewe ulikuwa unaibana kwa midomo na ufizi. Siku nyingine ililia, siku nyingine ilitoa pumzi tu. Na hukumwambia mtu. Sababu yako nimeielewa nilipokuwa mkubwa zaidi: fundi asiyeweza kupiga filimbi anaondolewa jukwaani anapelekwa stoo, na mtu wa stoo si mkuu wa sehemu, hana nyumba ya mawe, hana kadi ya rangi ya maziwa. Ungemjibu kweli yule bwana wa bima, barua ingerudi kwa meneja kabla hujapata jino hata moja. Kwa hiyo uliangalia feni.

Mimi nilikuwa nimesharudi chuoni siku mkono wa Hemedi uliponaswa. Majani yalikwama. Aliingiza mkono wa kushoto. Wewe juu ukabana filimbi, ukaanza kuvuta wenzo, filimbi ikakuteleza mdomoni ikaanguka. Ulipopiga kelele kwa sauti, mngurumo uliimeza, na wenzo ulikuwa umeshakwenda. Uliurudisha haraka, wote wanasema hivyo, hata Hemedi. Lakini vidole viwili vilikuwa vimekwenda mpaka kwenye kifundo.

Nimeandika sentensi hiyo polepole. Mama husema mimi naandika kama mwalimu mkuu anayetoa ripoti kwa wazazi. Labda. Sijui njia nyingine ya kuiandika.

Ulifanya mambo mawili siku ile ile. Kwanza, ulikwenda kwa meneja ukamwambia ukweli wote, kwamba ulikuwa unajua kwa miezi mingi kuwa filimbi haikai. Alikasirika, akatupa kofia yake chini, kisha akaiokota kwa sababu hakuwa na mtu mwingine aliyeijua ile injini. Akasema utakaa stoo kwanza. Ukiweza kupiga filimbi tena kabla ya mwisho wa mwezi utarudi jukwaani, usipoweza utabaki huko huko.

Pili, ulikwenda nyumbani kwa Hemedi. Mama alitaka kukusindikiza na sukari, ukamkataza, ukaenda mikono mitupu. Aliyosema Hemedi ulimwambia Mama usiku ule ule, naye akaja kuniambia mimi. Hakukutukana. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa bendeji na umening'inizwa shingoni. Alisema, "Ungeniambia tu. Ningekuwa nakutazama badala ya kukusikiliza."

Mkewe, Bi Zaina, alikuletea maji, ukayanywa, ukarudi.

Baada ya hapo hamkusemeshana. Mlipishana njiani kwa salamu ya watu wa mbali.

Nilipokuja likizo nyingine, kabla mwezi haujaisha, nilikukuta stoo unahesabu magunia. Ukaniambia tunakwenda tena Tanga. Nilikuuliza utasema nini safari hii, ukasema, "Nitasema filimbi." Kisha ukasema jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo: "Nitasema filimbi, na itakuwa kweli. Lakini moyo wangu unajua kwamba nayataka kwa ajili ya tarumbeta. Hata sasa. Hata baada ya vidole vya mtu."

Alfajiri, tulipofika kwenye lori, Hemedi alikuwa ameshakaa juu ya magunia ya chai. Amevaa kanzu safi na koti. Mlitazamana. Ukauliza, "Wapi?" Akajibu, "Tanga." Ukapanda ukakaa upande wa pili, na kona zote zile za kushuka mlima hamkuongea. Mimi nilikaa katikati yenu kama gunia la tatu.

Ofisini ilikuwa feni ile ile na bwana yule yule. Alikukumbuka. Ukamweleza habari ya filimbi, na ukamwambia pia kwamba mara ya kwanza ulimficha. Alisikiliza, akakuna kidevu. Akasema anasikitika, lakini shamba linaweza kufunga kengele, kengele ni kifaa cha kazi, meno ni ya mtu.

Hapo Hemedi akasogea. Hakuwa ameketi, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, juu ya karatasi zako, bila bendeji. Kidonda kilikuwa bado chekundu.

"Kengele ipo, bwana," alisema. "Ilikuwapo tangu zamani. Kwenye mngurumo ule kengele ni sawa na nzi. Tunachokisikia sisi ni filimbi."

Yule bwana aliutazama mkono. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama na yeye Hemedi amekuja kudai.

"Sidai. Mimi simo kwenye vitabu vyenu, najua. Kadi ni za walioko juu. Nimekuja kukuonyesha kazi ya meno ya huyu."

Sikumbuki feni ikizunguka wakati ule, ingawa lazima ilizunguka. Yule bwana alichukua karatasi zako akaingia chumba cha ndani kwa mkubwa wake. Tulisikia Kiingereza kupitia ukutani, mimi nilikielewa nusu. Mkubwa alisema ni urembo. Yule bwana akasema neno "mkono" mara kadhaa. Alipotoka alikuwa amelegeza tai. Akasema, "Watalipa. Nendeni kwa daktari wa meno leo hii, kabla mkubwa hajabadili nia."

Wewe ulishukuru. Hemedi alikuwa ameshatoka nje.

Daktari wa meno alikujaza mdomo nta, ukasema baadaye ilikuwa kama kutafuna mshumaa wa Krismasi. Ulirudi tena kuyachukua. Siku uliyoingia nyumbani nayo, uliposema "Shikamoo" kumtania Mama, sh ilitoka kama maji kwenye jiko la moto, na Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kusikika mle ndani tangu ajali. Kesho yake ulipanda jukwaani, meneja akiwa amesimama chini, ukabana filimbi kwa meno mapya ukapiga. Mama anasema aliisikia kutoka mtoni.

Hemedi hakurudi kwenye mashine. Alipewa kazi ya kuchagua majani pamoja na wanawake, na shamba likampa kidogo lilichompa. Bima haikumjua.

Lile shuka chini ya kitanda hukulifungua. Krismasi ilifika, ukakaa kwenye benchi kanisani kama washarika wengine, meno mdomoni, mikono magotini. Mchungaji alikuuliza, mwalimu wa kwaya alikuuliza. Uliwajibu kwamba midomo imepoa. Mimi nilikuuliza jikoni, na mimi ulinijibu kweli: "Yametoka mkononi mwa Hemedi. Nitayatumia kupiga filimbi. Hiyo ndiyo kazi yaliyolipiwa."

Nilifikiri ungekaa hivyo mpaka kufa. Ulikuwa na kichwa kigumu, Baba, nalisema kwa heshima.

Halafu ikaja Pasaka. Wakristo wote walikuwa makaburini kabla ya jua, ukungu umelala juu ya misalaba, wapiga matarumbeta wamejipanga karibu na ua. Wewe ulikuwa nyuma, mikono mfukoni. Nikaona mtu mwenye kofia ya kiua anapanda njia ile ya kutoka bondeni, amekumbatia kitu kilichofungwa shuka. Alikuwa Hemedi. Alikuwa amepita nyumbani, akamwomba Mama alifukue chini ya kitanda, na Mama, aliyekuwa amebaki nyumbani na mafua, alimpa bila kuuliza.

Alikusalimu kwa Kishambaa, "Onga makeo," kama mlivyokuwa mkisalimiana asubuhi enzi za kuchuma. Akakupa tarumbeta. Wewe ulitikisa kichwa. Mlisimama hivyo, na watu wakaanza kugeuka. Ndipo akasema, na hakusema kwa kunong'ona:

"Piga, bwana. Ukinyamaza, vidole vyangu havioti."

Uliweka tarumbeta mdomoni. Sauti ya kwanza iliyumba, ya pili ikasimama. Siku ile sikulia, nilikuwa nimeshika taa ya mwalimu wa kwaya na sikutaka itikisike. Hemedi alisikiliza mwisho wa ubeti wa kwanza, akageuka akashuka bondeni, maana alikuwa na zamu. Jioni mlikuwa mmekaa pamoja barazani kwetu. Mlikuwa mnabishana kuhusu bei ya kabichi.

Mengine yalikuja baada ya Azimio. Serikali ikachukua mashirika ya bima, kadi za rangi ya maziwa zikaisha kazi, na shamba nalo likabadili mikono. Kwenye ule mkutano wa kijiji, mjumbe wa nyumba kumi alisimama akasema wako kati yetu watu ambao hata meno yao ni ya kibepari. Watu wakacheka, wakakutazama. Ulisimama, ukayatoa mdomoni, ukayaweka kwenye kiganja, ukasema kwa ile sauti yako ya upepo, "Haya, tugawane. Nani aanze?"

Mkutano ulivunjika mbavu, hata mjumbe mwenyewe. Lakini mimi nakumbuka uliyoyasema baada ya kuyarudisha, kicheko kilipokwisha. Ulisema mjumbe hakukosea. Ulisema, "Hemedi na mimi tulisimama kwenye mashine moja. Mimi nilikuwa na bima. Yeye alikuwa na vidole." Hakuna aliyecheka hapo. Ukakaa.

Na miaka iliyofuata, plastiki ya yale meno ilipopasuka na zahanati ya bure ikawa haina wa kuitengeneza, uliitoboa mwenyewe matundu madogo ukaishona kwa waya mwembamba wa shaba. Hukulalamika. Ulisema zahanati ya wote isiyo na meno ni nafuu kuliko ya meno ya mmoja. Mama alisema ni rahisi kusema hivyo kwa mwenye meno.

Sasa niseme la mwisho, ambalo hukuwapo, ingawa ulikuwapo.

Asubuhi uliyofariki, kifua kilipokwisha kukushinda, wazee wa kanisa walikuosha wakakuvika suti. Meno yalikuwa kwenye kikombe cha bati dirishani, ulipoyaacha usiku. Mama akatoka nacho nje, akauliza afanye nini. Akajibiwa mambo mengi. Mmoja alisema kitu cha plastiki hakiozi, kisiwekwe kaburini. Mwingine alisema kiwekwe kama ukumbusho. Jirani yetu, ambaye hana hata jino moja, aliuliza kwa adabu kama yangeweza kumfaa yeye. Mchungaji alisema maandiko hayana neno juu ya hilo. Mama alisimama na kikombe, akimtazama kila aliyesema.

Mzee Hemedi alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaume. Hakuinuka, magoti siku hizi yanamsumbua. Alisema tu, "Mama Raheli, mimi sijui ya kwenu. Lakini si mnasema huko anakokwenda kuna matarumbeta? Mtie meno yake. Atapiga na nini?"

Mama aliingia ndani, akawatoa wazee, akakutia mwenyewe. Uso wako ukajaa ukawa wako. Tulipokuteremsha, mwalimu wa kwaya na wenzake walipiga, na Mzee Hemedi alisimama nje kidogo ya duara letu, kofia kichwani, mpaka udongo ukasawazishwa. Wengine walikuwa wameshakwenda kula. Yeye alikuwa bado amesimama.

Ndiyo habari yenyewe, Baba. Hakuna zawadi ya Mzungu, hakuna ng'ombe, hakuna maiti wa Tanga.

Sina la kukuahidi wewe, maana huhitaji tena kitu. Ahadi yangu ni ya Mzee Hemedi, nawe uwe shahidi. Siku yake itakapofika, nikiwa hai, nitapanda basi hata kama shule imefunguliwa. Nitajifunga kanga, nitakaa chini na wanawake wa nyumbani kwake karibu na Bi Zaina, na sitaondoka mpaka hitima imesomwa.

Pumzika, Baba. Ukiwakuta wenzako wapigaji, usianze kwa sauti kubwa. Wape nafasi wakuzoee.

Mwanao,
Raheli